Mkono na mdundo: maswali yenu kuhusu Parkinson

Safu ya mwezi huu tumeipa jambo moja tu: jinsi ya kutumia sauti na mdundo ili mkono wa mgonjwa wa Parkinson unyooke, ufike na ushike. Barua zimetoka pande nyingi za Dar es Salaam. Ya kwanza imebeba msingi wa zote, kwa hiyo mwenye haraka aanze na hiyo.

Shikamooni. Baba yangu ana miaka 68 na mwaka jana aligundulika ana Parkinson. Dawa zimemsaidia kutembea, lakini mkono wa kulia umebaki mzito. Akitembea hauchezi, akitaka kuchukua kikombe unaishia njiani, na kufunga vifungo vya shati kunamla dakika kumi. Mtaalamu wa mazoezi alituambia afanye mazoezi kwa kufuata mdundo. Nyumbani hatujui tuanzie wapi, na kusema kweli hatujaelewa mdundo unahusiana vipi na ugonjwa. — Binti wa mgonjwa, Kigamboni

Marahaba, binti yetu, na pole kwa kuuguza.

Ndani kabisa ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Kwa mgonjwa wa Parkinson chembe hizo hufa polepole. Dopamini ikipungua, ile sehemu ya ubongo inayoendesha mambo tunayoyafanya bila kuyawazia, kama mikono kucheza tunapotembea, hupoteza vitu viwili: saa yake ya ndani na kipimo chake cha ukubwa. Misuli ya baba bado ina nguvu, na hapo ndipo ugonjwa huu unapotofautiana na kiharusi. Amri ndiyo inayotoka ndogo na kuchelewa. Mgonjwa huhisi kabisa kwamba amenyoosha mkono wote, kumbe ameishia nusu. Msimgombeze kwa hilo, hafanyi uvivu.

Mdundo unaotoka nje huingia kwa mlango mwingine. Sikio lina njia zake za kuzifikia sehemu zinazoendesha mwendo, ikiwemo ile ya nyuma ya ubongo iitwayo serebela, ambazo ugonjwa haujaziharibu kwa kiwango kilekile. Tena pigo likishalia mara tatu nne kwa nafasi zilezile, ubongo unajua la tano litalia lini, hivyo unajiandaa kabla. Ndiyo maana sauti inayokuja ovyo ovyo haisaidii hata ikiwa kubwa.

Jambo hili lilipimwa zaidi kwenye kutembea. Mwaka 1996 Michael Thaut na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa waliofanya mazoezi ya kutembea kwa mdundo nusu saa kila siku kwa wiki 3, na mwendo wao ukaongezeka kasi kwa takriban asilimia 25. Ushahidi wa mkono ni mdogo kuliko wa miguu, lakini kanuni ni ileile, na zoezi lenyewe halina gharama.

Sasa kazi. Mketishe baba kwenye kiti imara chenye egemeo na kisicho na magurudumu, nyayo zote zikiwa zimekanyaga sakafu. Stuli hapana. Meza iwe mbele yake, kimo cha kiwiko. Bandikeni kipande cha plasta ukingoni mwa meza karibu na kifua. Hapo ni nyumbani. Kisha anyooshe mkono kadiri awezavyo bila mgongo kuachana na egemeo, na pale vidole vilipofika bandikeni plasta ya pili. Pimeni umbali kwa tepu ya fundi cherehani na mwandike kwenye daftari. Halafu, bila sauti yoyote, aende na kurudi kwa mwendo wake mwenyewe kwa nusu dakika huku mmoja wenu akihesabu kila anapogusa plasta, ya mbali na ya karibu. Zidisheni kwa mbili. Akigusa mara 30, mwendo wake ni miguso 60 kwa dakika.

Pakueni kwenye simu programu ya metronomi, yaani chombo kinachopiga mapigo kwa nafasi sawa. Zipo za bure, na nyingi zinafanya kazi bila bando. Wekeni mapigo asilimia 10 chini ya mwendo wake, yaani 54 kwa mfano wetu. Pigo moja la kwenda, pigo moja la kurudi. Kama programu inakubali sauti mbili, nyembamba iwe ya kunyoosha na nene ya kurudi. Kabla hajasogea, asikilize mapigo 8 huku akitikisa kichwa tu. Watu wengi huiruka hatua hii, wakimwambia mzee aanze papo hapo, matokeo yake mkono unaukimbilia mdundo kwa nyuma badala ya kukutana nao. Kisha aende: dakika 2 za kazi, dakika 1 ya kupumzika, mizunguko 5, siku 5 kwa wiki. Mkono wa kushoto nao upewe mzunguko mmoja au miwili.

Kuna sharti moja ambalo tunaomba mlishike kuliko mengine yote: plasta isipoguswa, mdundo haupandi. Familia nyingi hufurahia kasi. Zinaona mzee anaenda haraka, zinaongeza mapigo, na hazioni kwamba kila wiki mkono unafupika. Parkinson hupenda kuufanya mwendo uwe mdogo unapokuwa wa haraka. Ikifika kama mapigo mawili kwa sekunde, mikono ya wagonjwa wengi huanza kukimbia mbele ya mdundo na kufifia hadi ikabaki inatikisika palepale. Kwa hiyo subirini wiki nzima. Kama mizunguko yote mitano amegusa plasta ya mbali mpaka mwisho, ongezeni mapigo 3, au sogezeni plasta sentimita 2. Si vyote kwa mpigo mmoja.

Kuanzia wiki ya pili, mzunguko wa mwisho uwe wa kuzima na kuwasha: mapigo 8 yasikike, kisha zimeni sauti, naye aendelee mapigo 8 akihesabu kimoyomoyo, kisha washeni. Bila hivyo mkono utazoea kutembea na simu tu, na kikombe cha chai hakina metronomi.

Saa ya mazoezi ni muhimu kama zoezi lenyewe. Kama dawa yake ni levodopa, ile inayogeuka dopamini ubongoni, fanyeni dakika 45 hadi 60 baada ya kumeza, mwili ukiwa umefunguka, yaani dawa imeshaanza kufanya kazi. Vyakula vya protini nyingi kama nyama, samaki na maharage hushindana na dawa hii kuingia mwilini, ndiyo maana kwa kawaida humezwa nusu saa kabla ya chakula. Kama ikimezwa hivyo inamchefua, msibadilishe wenyewe, mwambieni daktari.

Kila Jumapili, saa ileile baada ya dawa, mpeni mtihani wa punje 20 za maharage mabichi: azitoe kwenye sahani moja moja hadi kwenye kikombe, nanyi mpime kwa saa ya simu. Vifungo vya shati pia vipimwe. Baada ya wiki 4, kama daftari halionyeshi badiliko lolote, rudini kwa mtaalamu wa fiziotherapia aliangalie bega. Bega kugandia ni jambo la kawaida kwa wagonjwa hawa, na hakuna mdundo unaoweza kunyoosha bega lenye maumivu.

Kuhusu mkono usiocheza akitembea, chukueni mipini miwili ya fagio. Baba ashike ncha za mbele, kushoto na kulia, wewe ushike ncha za nyuma ukiwa nyuma yake. Mkitembea, ichezesheni mikono kwa kupokezana huku mkihesabu kwa sauti. Baada ya mita 20 legeza mikono yako polepole, umwachie yeye aendeshe. Fanyeni uani au kwenye korido tupu, si barabarani.

Mambo vipi wataalamu. Babu yangu anaupenda sana muziki. Naweza kumwekea singeli afanyie mazoezi ya mikono? — Mjukuu, Manzese

Upendo wako tumeuona, lakini singeli hapana. Hukimbia mapigo 200 kwa dakika na kuzidi, hata 300, na umesoma hapo juu kinachotokea mkono ukisukumwa kwa kasi. Babu atafurahi, mikono itatetemeka, na zoezi halitakuwepo.

Usitupe wazo la muziki, maana wimbo unaopendwa humfanya mtu arudi kwenye zoezi kesho yake. Tafuta rumba ya zamani au wimbo wa dansi ambao ngoma yake inasikika wazi. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata 100, mwambie asogeze mkono kila pigo la pili, yaani mara 50 kwa dakika. Epuka nyimbo zinazobadilisha kasi katikati, pamoja na zile zenye utangulizi mrefu wa vinanda bila ngoma. Siku za mwanzo chagua zisizo na maneno mengi: babu akianza kuimba na kukumbuka ujana wake, akili huuacha mkono. Akishazoea, basi aimbe, tena kwa sauti kubwa, kwa kuwa ugonjwa huu hufifisha sauti pia na koo nalo linahitaji mazoezi.

Usimvalishe spika za masikio pande zote mbili akiwa nje. Asiyesikia bodaboda hana mazoezi ya kufanya.

Assalaam alaykum. Nyumbani kwetu hatuweki muziki. Mume wangu ana Parkinson na anataka sana kujaribu njia hii. Je, tumeshaikosa? — Mama wa nyumbani, Magomeni

Wa alaykum salaam. Hamjaikosa hata kidogo. Kinachofanya kazi ni pigo lenye nafasi sawa, na pigo si lazima liwe muziki. Saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde unaolia inapiga mara 60 kwa dakika, umeme uwepo usiwepo. Kwa wengi huo ni mwendo mzuri wa kuanzia. Sogezeni kiti karibu nayo na mzime feni kama inaimeza sauti. Mnaweza pia kupiga makofi, kugonga meza kwa kijiko cha mbao, au yeye mwenyewe kuhesabu "moja… mbili…" kwa sauti inayofika chumba cha pili.

Angalizo moja juu ya makofi ya binadamu: anayepiga hupenda kumfuata mgonjwa. Mzee akichelewa, naye anachelewa. Mzee akikimbia, naye anakimbia. Hapo mdundo umekuwa mkia badala ya kuwa kichwa. Anayepiga aangalie saa, si mkono wa mgonjwa.

Nilisoma kwamba mgonjwa akisikia sauti ya mwendo wake mwenyewe hunyoosha mkono zaidi. Nikatengeneza manyanga ya chupa kwa ajili ya mama. Tatizo mkono wake unatetemeka, chupa inalia hata akiwa ametulia, anakereka na kuitupa. Nimekosea wapi? — Kijana, Tabata

Hujakosea wazo, umekosea chupa ya nani. Tuwaeleze kwanza wasomaji wengine. Metronomi inamwambia mkono *lini* usogee. Manyanga yanamwambia *umesogea kiasi gani*: mwendo mkubwa hulia chwaa, mdogo hulia chwi. Kwa mgonjwa ambaye kipimo chake cha ndani kinamdanganya, sauti hiyo inasema ukweli ambao mwili hausemi. Chupa ya maji ya nusu lita iliyokaushwa vizuri, vijiko 3 vya chakula vya dengu, mfuniko ukazungushiwa gundi ya karatasi, inatosha kabisa. Mwenye kayamba atumie kayamba kwa mikono miwili, kulala kulia, kulala kushoto.

Kwa mama yako, mtetemo wa Parkinson ndio unaoichezesha chupa. Huja hasa mkono ukiwa umepumzika, kama mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na mara nyingi hupungua mkono unapoanza kazi. Kwa hiyo chupa inalia pale isipotakiwa, inanyamaza pale inapotakiwa, na mama anapata taarifa ya uongo. Itoe sauti mkononi, uipeleke kwenye shabaha. Ning'iniza mfuniko wa sufuria kwa kamba, usawa wa bega, kwa umbali ambao mkono wake unaufikia ukinyooka wote. Apewe mwiko, au apige kwa kiganja. Akifika, unalia, asipofika, kimya. Mtetemo hauwezi kuudanganya mfuniko. Ukishalia mara 10 mfululizo, usogeze nyuma upana wa vidole viwili.

Usijaribu kuunganisha sauti ya mwendo kwa simu na spika zisizo na waya. Sauti huchelewa kidogo kufika, na kwa metronomi hilo si neno kwa sababu inachelewa sawasawa kila pigo, lakini sauti inayotakiwa kulia mkono unapofika ikichelewa, humchanganya mgonjwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Mwandiko wangu umekuwa mdogo kama wa chungu, na benki wameikataa sahihi yangu mara mbili. Mdundo utanirudishia sahihi? — Mwalimu, Ukonga

Shikamoo mwalimu. Kwa mwandiko, jicho husaidia haraka kuliko sikio. Anza na karatasi yenye mistari iliyoachana sentimita 2, na kila herufi iguse mstari wa juu na wa chini. Hilo likikaa, ndipo uongeze mdundo wa polepole, mapigo 40 kwa dakika, mchirizo mmoja kwa pigo moja. Dakika 10 kwa siku zinatosha, na usimame mara herufi zinapoanza kupungua, kwa kuwa kuendelea hapo ni kujifunza kuandika kidogo. Tumia kalamu nene.

Lakini usingoje sahihi irudi ndipo uende benki. Nenda sasa na barua ya daktari, uulize utaratibu wa kubadilisha kielelezo cha sahihi au kutumia dole gumba. Na siku ya kwenda, panga muda wa dawa ili ufike dirishani ukiwa umefunguka.

Haya mazoezi yanaweza kuchukua nafasi ya dawa? Dawa ni ghali. — Msomaji, Kimara

Hapana. Mdundo huupa mwendo njia ya pembeni; haurudishi dopamini. Kuacha levodopa ghafla ni hatari. Kama bei inawashinda, semeni na daktari kabla vidonge havijaisha. Na mkienda zahanati kwa kichefuchefu, mtajeni Parkinson mapema: metoklopramidi, dawa ya kawaida sana ya kutapika, huzuia dopamini na huweza kumfanya mgonjwa agande ndani ya siku chache.

Tunaongeza hili kwa anayesoma akiwa na mzazi ambaye hajapimwa. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, uligundua kwamba wengi wa waliokuwa na Parkinson hawakuwahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Mkono mmoja usiocheza mtu akitembea ni dalili ya mapema. Haujarogwa, na si uzee tu. Mpelekeni kwa daktari wa mishipa ya fahamu, Muhimbili wapo. Ila mkono ukilegea *ghafla*, mdomo ukipinda au maneno yakivurugika, hilo ni suala la kiharusi na ni hospitali saa hiyohiyo.

Mimi ni mama lishe. Nina Parkinson, mkono wa kushoto. Sina muda wa kukaa kwenye kiti kugusa plasta. Jikoni kuna kazi gani ambayo ni zoezi? — Mama lishe, Temeke

Dada, wewe una uwanja mzuri kuliko wote waliotuandikia. Kazi za jikoni petu zilizaliwa na mdundo. Wanaotwanga pamoja kwenye kinu kimoja huimba ili michi isigongane, na wimbo huo ndio metronomi ya kwanza tuliyowahi kuwa nayo.

Anza na kukuna nazi. Kaa kwenye mbuzi, kifuu mikononi miwili, na useme kwa sauti "sukuma, vuta". Sikiliza meno ya mbuzi: mkono ukienda mbali mkwaruzo ni mrefu, *kraaa*, ukifupika unasikia *kra-kra-kra* fupi fupi, na machicha yanatoka manene upande mmoja. Hiyo *kra-kra* ndiyo kengele yako. Ukiisikia, simama, vuta pumzi, hesabu hadi nne, uanze upya kwa mkwaruzo mrefu. Nazi moja ni zoezi kamili. Kama kuna tatu, mbili mpe msaidizi.

Kutwanga fanya kwa mchi mwepesi, umesimama miguu imeachana, mmoja mbele kidogo. Inua mchi mpaka mikono ivuke kidevu, uache uanguke kwa uzito wake. Mapigo 20, pumzika. Kama unapata kizunguzungu ukinyanyua mikono, kaa chini. Ugonjwa huu na dawa zake huweza kushusha presha ya damu, na joto la jikoni linazidisha, kwa hiyo kunywa maji. Kusukuma chapati pia kunafaa sana, kwa sababu mikono yote miwili inashika mpini na mkono wa kulia unauburuza wa kushoto: pigo moja mbele, pigo moja nyuma, geuza donge kila baada ya mapigo manne.

Ugali uache kwanza. Ukiganda katikati ya kusonga, sufuria ya moto inaweza kukupindukia. Chukua sufuria ileile, iweke chini sakafuni penye mkeka, tia pumba na maji baridi hadi iwe nzito kama uji, ishike vizuri kwa miguu, kisha songa kwa mkono wa kushoto mizunguko 40 kwa mdundo wa saa ya ukutani, mwiko ukigusa ukingo wa sufuria kila unapozunguka. Mwiko usipogusa ukingo, mzunguko haujahesabiwa. Ukimaliza wiki 3 bila kuganda hata mara moja, rudi jikoni na sufuria ndogo, na msaidizi asimame karibu ameshika mpini.